TAHADHARI: Anauza kegi "zilizochomelewa tayari", kumbe zimebandikwa kwa gundi

Wadau, naandika haya mkono ukiwa bado na lengelenge. Kuna jamaa ananunua kegi za bia zilizotumika, anazigeuza boila za kukenekea, halafu anaziuza kwa maneno kwamba ziko tayari kwa moto. Msinunue kwake! Ni tapeli wa hatari, maana anachouza kinaweza kummwagia mtu maji ya moto usoni.

Mnaoujua mradi wangu wa kukeneka mafuta ya majani mnaelewa kwa nini niliachana na sufuria niliyokuwa naitumia, sirudii maelezo. Nilitaka kegi ya lita 50, ya stenlesi, yenye soketi (kishikizo cha nyuzi) ya kufungia hita ubavuni na koki chini, na mdomo wa juu wa inchi 2 uachwe ulivyo ili nifunge safu, yaani bomba la kupandishia mvuke, kwa klampu. Huyu bwana alikuwa nayo, imeng'arishwa inawaka.

Na alijua kuongea. Nilipomuuliza alivyoitoa ile neli ya ndani inayopandisha bia, alinieleza bila kigugumizi kwamba kwanza unabonyeza vali ya mdomoni mpaka presha yote iishe, ndipo unagusa pete inayoishikilia neli, la sivyo neli inafyatuka na inaweza kuua. Ni kweli kabisa, na wababaishaji huwa hawalijui hilo. Akanitajia stenlesi ya 304, daraja linalotumika kwa vyombo vya chakula. Akasema fundi wake alichomelea kwa gesi ya argoni, na ndani ya kegi pia akapitisha argoni ili weldi isiungue ikawa nyeusi yenye chembechembe. Mtu anayekwambia hayo unamshuku kwa lipi?

Kisha akatoa sumaku. Akaiweka tumboni mwa kegi, ikateleza ikaanguka. Akaiweka tena, ikaanguka. Akaniangalia: "Unaona? Hakuna chuma cha kutu hapa." Akaijaza maji mpaka shingoni, akachukua tishu akaizungusha kwenye kila soketi, akanikabidhi niishike mwenyewe. Kavu. Tukaongea weee, akarudia, kavu vilevile. Nikapitisha kidole juu ya weldi. Yale magamba yake yamelaliana vizuri, moja baada ya jingine, kazi ya mkono uliotulia. Nikamlipa yote.

Nyumbani nikaweka maji matupu, kama tunavyoambizana siku zote kwamba mchemsho wa kwanza ni wa maji tu, mdomo wazi. Namshukuru Mungu kwa hilo. Maji hayajachemka, ndiyo kwanza yanaanza kunguruma, nikaona hita inainama. Soketi nzima inashuka taratibu kwa uzito wake yenyewe. Nikaruka kuzima umeme, na hapohapo maji yakachomoka pembeni yakanipata kwenye kifundo cha mkono.

Ilipopoa nikaikwangua kwa kisu. Rangi ya fedha ya kupuliza ikabanduka, na chini yake gundi ya epoksi, ya kijivu. Yale magamba ya weldi yamechorwa! Mtu alikaa chini akayachonga kwenye gundi mbichi, gamba kwa gamba, ili anayenunua apitishe kidole na kuridhika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lengelenge. Huo ni uovu uliopangwa, wala asiniambie ni bahati mbaya.

Nikaipeleka kwa fundi wetu, mnamjua. Akageuza kegi, akakwangua kitako, akadondosha tone la kostiki soda. Likatoa mapovu. Alumini! Sumaku haishiki alumini kama isivyoshika stenlesi ya 304, na yule mshenzi alilijua hilo vizuri. Soketi ya stenlesi huwezi kuichomelea kwenye alumini kwa njia ya kawaida, ndiyo sababu ya gundi. Epoksi za kawaida zinashika maji baridi vizuri tu, ila nyingi zinalainika kabla maji hayajachemka. Na mimi vyombo vyangu vyote naviosha kwa kostiki soda. Ningeimimina humo ingekuwa inaila kegi huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, ndani ya chumba. Wanaokeneka pombe ndio sitaki hata kuwawazia: mvuke wa alkoholi unavuja kwenye soketi, jiko linawaka chini yake.

Nilipompigia, alinijibu kwamba nimezidisha moto. Boila! Kisha akanifungia namba.

Huyu anatakiwa ndani. Kurudisha hela hakutoshi, karakana yake ipekuliwe na kila kegi iliyomo itolewe nje. Karibu na ukingo wa juu kuna sehemu imesagwa kwa grenda, pale ambapo viwanda hugonga jina lao. Kegi kwa kawaida ni mali ya kiwanda, mnunuzi wa bia huweka amana tu. Polisi wakitaka pa kuanzia, waanzie hapo: anazitoa wapi, na kwa nini anafuta majina?

Mnaotafuta kegi, inyanyueni kwanza. Ya stenlesi ya lita 50 ikiwa tupu ni kama kilo 10 hadi 13, hii yangu niliibeba kwa mkono mmoja nikaona ni raha. Stenlesi haihitaji kupakwa rangi, ukiona rangi kwenye weldi uliza. Mulika tochi ndani, weldi halisi huacha alama yake upande wa pili. Na muuzaji achemshe maji mbele yako, ya baridi hayathibitishi kitu. Mengine nitaongeza nikitulia.

Kama umeshauziwa na yeye, usiiwashe na usiitupe. Ipige picha kila soketi, hifadhi meseji zake zote, kisha nitafute. Kegi yangu iko kwa fundi kama ushahidi, na nataka twende kumshtaki tukiwa wengi, asipate pa kutokea.