Kompyuta ya eskaveta ilikuwa nzima: uzoefu wangu na fundi wa kupima mawasiliano

Nina eskaveta moja ya tani 20 ninayoikodisha kwa saa kwenye machimbo ya kokoto Lugoba. Sina mtambo mwingine, kwa hiyo ukilala huo, mkono hauendi kinywani. Mwaka huu ulilala siku kumi na moja, na tisa kati ya hizo zilipotea kwa sababu watu walibadilisha vitu kabla ya kupima. Nimetumia huduma za mafundi wawili kwa tatizo lilelile, na tofauti niliyoiona ndiyo iliyonifanya niandike.

Asubuhi mtambo ulikuwa unawaka vizuri na kupakia malori bila shida. Ikifika saa tano, jua limekolea na injini imepata moto, skrini ya kebini inaanza kukatika, vipimo vya moto na oili vinaanguka sifuri, injini inashuka hadi sailensi, yaani mzunguko wa chini kabisa, ukiongeza mafuta haipandi. Opereta akizima na kuwasha, inakubali dakika kumi, kisha inarudia. Alinipigia: "Mama, umegoma tena, na lori nne ziko kwenye foleni."

Fundi wa kwanza alikuja na kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu. Ikatoka misimbo kumi na kitu kwa mara moja. Alikaa kama robo saa, akasema kompyuta ya injini imekufa. Nikanunua iliyotumika kwa shilingi milioni 4.2. Ilipofungwa injini haikuwaka kabisa, kwa kuwa kompyuta ya namna hiyo lazima iingiziwe programu inayolingana na mtambo wenyewe. Nikalipa tena. Ikawaka. Kesho yake saa tano na nusu, skrini ikakatika vilevile.

Hapo ndipo nilipoelekezwa kwa kijana mmoja wa Dar es Salaam anayefanya umeme wa mitambo tu, hashiki injini wala haidroli. Alichelewa siku nzima kuliko tulivyokubaliana, na hilo lilinikera. Lakini alipofika alinishangaza: hakufungua begi. Alikaa na opereta chini ya mwembe kama nusu saa akimuuliza. Tatizo linakuja bumu, yaani mkono mkubwa wa mtambo, likiwa juu au chini? Ukizunguka kulia au kushoto? Kabla halijaanza, nani aligusa nini? Opereta akakumbuka kwamba wiki mbili nyuma hosi moja ya haidroli ilipasuka ikabadilishwa, upande wa nyuma ya kebini.

Akasoma misimbo, ila aliisoma tofauti na mwenzake. Alinionyesha kwamba kompyuta ya pampu na ile ya skrini zote zinalalamika kuwa hazimsikii mwenzao wa injini, na kwamba msimbo 639 wenye namba 9 mbele yake haumtaji mtu aliyekufa. Unasema ujumbe hauji kwa mwendo unaotakiwa kwenye mtandao. Alinieleza kwa lugha niliyoielewa: kompyuta hizi zinazungumza kwa waya mbili tu zilizosokotwa pamoja, wa njano na wa kijani, kwa mfumo uitwao CAN ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986. Kila ncha ya waya hizo ina kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 120. Viwili vikiwa sambamba, ukipima kati ya waya hizo mbili lazima upate karibu omu 60.

Basi akazima swichi kubwa ya betri, akachomeka multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwenye soketi ya duara yenye pini tisa, pini C na pini D. Ikasoma 60. Nilivunjika moyo, nikidhani tumerudi palepale. Yeye hakuonyesha wasiwasi. Alimwambia msaidizi wangu ashike mfungo wa waya na kuutikisa taratibu, akianzia kebini kuelekea injini, huku yeye macho kwenye mita. Kufika nyuma ya kebini, 60 ikaruka ikawa 120. Wakaachia, ikarudi 60. Wakatikisa tena, 120.

Nilielewa hata kabla hajasema. Kizuizi kimoja kilikuwa kinapotea, maana yake waya ulikuwa unakatika kati ya hapo na injini.

Walipofungua, kibano cha kushikilia waya hakikuwa na bolti. Aliyebadilisha hosi hakukirudisha. Mfungo ulikuwa umelala kwenye ukingo wa chuma, na kila mtambo ukitetemeka unajisugua. Waya wa kijani ulikuwa umechubuka ganda, nyuzi zake zimebaki mbili tatu, nazo zimeota kutu ya kijani. Ukipoa zinagusana, ukipata moto na mtikisiko zinaachana. Ndiyo maana asubuhi kila kitu kilionekana kizima.

Alikata sehemu iliyooza kwenye waya zote mbili, akaunga kwa viungio vya kubana vyenye ganda la kuzuia maji, na akahakikisha zimebaki zimesokotana mpaka karibu kabisa na kiungio, kwa sababu msokoto ndio unaozikinga na kelele za umeme za altaneta. Kibano kipya kikawekwa na raba. Kisha akarudisha kompyuta yangu ya zamani, ile iliyosemekana imekufa. Injini ikawaka mara moja. Kwenye oskiloskopu yake ndogo, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, alinionyesha mawimbi mawili: moja likipanda kutoka volti 2.5 hadi 3.5, lenzake likishuka papo hapo hadi 1.5, kama mtu na kivuli chake majini. Tulifanya kazi siku ile mpaka saa kumi na mbili jioni.

Nilimlipa laki tatu na themanini pamoja na mafuta ya gari. Nampa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa kuchelewa bila kupiga simu, na kwa kuwa hakuandika ripoti mpaka nilipomwomba. Mwenye mtambo anahitaji karatasi ya kumwonyesha mteja aliyesubiri. Pia ujue kwamba programu yake haiingii kwenye misimbo ya ndani ya kila kampuni, na haingizi programu kwenye kompyuta mpya. Alinitajia hilo mwenyewe kabla hajaanza, na kwangu huo ni uungwana.

Jambo moja alilosisitiza sana ni uchomeleaji. Machimboni kwetu kijiko kinachomelewa karibu kila mwezi, na watu hubana waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, popote panapong'aa. Siku hizi betri inatenganishwa kwanza, na ethi inabanwa karibu kabisa na panapochomelewa, ili umeme usipite kwenye kompyuta.

Nimenunua multimita yangu, na opereta anajua pini C na D. Mtambo umeshapiga saa 400 tangu siku ile, na juzi usiku, baada ya mvua kubwa, alinitumia picha ya mita: 60.2.