Nimepeleka picha ya mlima kuprinti, wakaibadilisha rangi bila kuniuliza

Jamani hasira haijaniisha hadi sasa. Juzi juzi hapa nilipeleka flashi kwenye duka moja la kuprinti hapa Kigoma mjini, ndani kuna mchoro wa Kirchner, yule mchoraji Mjerumani aliyehamia Davos kule Uswisi akiwa mgonjwa, vita kuu ya kwanza ilikuwa imemvuruga. Aliuchora 1919, usiku wa mbalamwezi, mlima wa bluu na miti ya pinki inayoelekea nyekundu. Nimeutamani ukutani kwangu miaka na miaka. Nikalipa 45,000 yote kabla, hapo ndipo nilipokosea.

Narudi kuchukua, imeshawekwa kwenye fremu, nafungua, miti kijani! Theluji nyeupe pee! Nikamwambia kaka hii siyo yangu. Hata macho hatoi kwenye simu, eti dada faili lako lilikuwa limeharibika rangi tukakurekebishia, na hatujakuongezea bei. Namweleza ndivyo ilivyochorwa, huyu alichora mlima jinsi ulivyomuingia moyoni, anamgeukia mwenzake wanacheka, "miti ya pinki kaiona wapi huyu".

Wapi? Si hapahapa! Shuka Kibirizi, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jioni jua linazama nyuma ya milima ya Kongo halafu uje uniambie ile milima ina rangi gani, leo bluu, kesho zambarau, na maji chini yanawaka kama makaa. Ndicho kilichonifanya niupende ule mchoro, siku ya kwanza kuuona niliona kwetu. Na huyo mtu mwaka 1937 Wanazi walimkamatia kazi zake zaidi ya 600 kwenye makumbusho yao, wakaziita uozo, mwaka uliofuata akajiua. Leo hii na sisi tunamsahihishia rangi, inaniuma kweli.

Nilitaka kuandika msikanyage pale kabisa. Ila kuna mzee anatengeneza fremu nyuma ya duka, jamani, mninga, pembe zimeungana huoni hata mstari, na ndiye pekee aliyenipa pole, akasema mwanangu hiyo turubai nitaitoa fremu isipate hata mkwaruzo. Akaitoa kweli. Kwa hiyo fremu nendeni, nendeni hata kesho, ulizeni mzee. Kuprinti hapana, labda usimame pembeni ya mashine mpaka itoke.

Fremu nimeitundika sebuleni hivyohivyo tupu. Kuprinti upya wanataka niongeze nusu ya bei. Siongezi hata mia.