Sheria kuukuu: kuzifuta kama Minnesota au kuziacha kama Wisconsin?

Mwaka 2014 jimbo la Minnesota, Marekani, lilifuta sheria zaidi ya 1,000 zilizopitwa na wakati, zikiwemo kanuni za telegrafu na ile iliyohesabu kuwa kosa kubeba matunda katika chombo chenye ukubwa usioruhusiwa. Jirani yake Wisconsin hana haraka hiyo. Huko majarini ya rangi ya njano ilipigwa marufuku tangu 1895 hadi 1967 ili kuwalinda wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, hata watu wakawa wanavuka mpaka kuinunua Illinois. Na mpaka leo mgahawa hauruhusiwi kumwekea mteja majarini ya aina hiyo badala ya siagi, isipokuwa ameiagiza mwenyewe.

Nakiri kwamba sheria ya majarini inafundisha historia ya uchumi wa jimbo kuliko hotuba nyingi. Hata hivyo naegemea Minnesota, kwa kuwa kumbukumbu inaweza kutunzwa kwenye nyaraka, ilhali sheria iliyolala huweza kuamshwa: Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya Arizona iliruhusu marufuku ya utoaji mimba ya 1864 itumike tena, na bunge likalazimika kuifuta wiki chache baadaye.