Uzoefu wangu na gereji iliyoniambia kuwa breki laini ni uzee wa gari

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Gereji ninayoizungumzia ipo hapa Kigoma mjini. Ni kubwa, ina shimo la kukagulia magari na vijana wengi wenye ovaroli safi, na ukiingia mara ya kwanza utaamini kwamba umefika mahali pa watu wanaojua kazi. Kwa upande wa injini pengine wanaijua. Mimi niliwapelekea breki.

Gari langu ni Land Rover 109 ya Series III, lile la chesisi ndefu, ambalo hupanda Kalinzi kuchukua ndizi na kushuka nazo mjini. Mvua zilipoanza, pedeli ya breki ikawa laini. Nilipoikanyaga mara ya kwanza ilikwenda chini sana kabla ya kushika, lakini nilipoiachia na kuikanyaga tena papo hapo, ilipanda juu na kushika vizuri. Hilo nilimweleza msimamizi wa gereji kwa utaratibu, kwa sababu fundi yeyote wa breki za dramu akisikia maelezo hayo anapaswa kujua aanzie wapi. Pedeli laini si ugonjwa mmoja. Ikiwa inadunda mguuni kama godoro, ndani ya mabomba kuna upepo. Ikiwa inashika, kisha ukiendelea kuikandamiza inazama polepole hadi sakafuni, ama kuna mahali panapovuja ama raba za masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki, zinapitisha mafuta. Ikiwa inakwenda mbali mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, jambo la kwanza kukagua ni umbali kati ya viatu vya breki na dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu ambayo viatu huibana kwa ndani, kwa kuwa breki hizi hazijirekebishi zenyewe kama za magari ya sasa.

Msimamizi hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema: "Mzee, hii gari imenizidi umri. Unataka ishike kama Prado? Pampu mara mbili, itashika." Vijana waliokuwa karibu wakacheka. Nilipomwomba wapandishe gari kwenye jeki na kukagua magurudumu, alijibu kwamba hapo hapana haja ya kukagua, masta imekufa, nilete fedha inunuliwe nyingine.

Ninamheshimu mtu anayeshika spana kwa riziki yake, na sina tabia ya kumfokea fundi mbele ya wenzake. Lakini kumwambia mwenye gari la kubeba watu na mizigo kwamba apampu mara mbili ndipo ashike breki ni kumwambia aende akaue. Mteremko wa kutoka Kalinzi haukupi nafasi ya mara ya pili mtoto anapokatiza barabara akimfuata mbuzi.

Masta ikanunuliwa, kwa bei ambayo bado inaniuma, ikafungwa mchana huohuo. Nilisimama pale nikaangalia walivyotoa upepo. Kijana mmoja alikuwa ndani ya gari akikanyaga pedeli harakaharaka, na mwenzake alikuwa chini akifungua na kufunga nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, bila kuambizana. Mafuta ya breki waliyatoa katika chupa iliyozibwa kwa kitambaa cha kufutia mikono. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na yakishaunyonya kiwango chake cha kuchemka hushuka: ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, lakini yakishaingia unyevu kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Katika mteremko mrefu dramu hupata moto, mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo ubonyeavyo. Chupa iliyozibwa kwa kitambaa, mjini kwetu kando ya ziwa, wakati wa mvua! Niliposema yanunuliwe mapya, nikaambiwa kwamba ninawafundisha kazi.

Pedeli ilikaa vizuri kwa muda mfupi tu, kisha ikarudi kulekule. Nilikuwa nashuka na mzigo ilipozama kuliko ilivyowahi kuzama. Nilishusha gia, nikakanyaga tena, ikashika. Breki ya mkono ya gari hili haitegemei mafuta, kwani ina dramu yake nyuma ya gia boksi na hukamata shafti ya kwenda nyuma, lakini imetengenezwa kwa ajili ya kulishikilia gari lililosimama. Kuivuta gari likiwa mbioni kunaweza kuivunja mitambo hiyo, na hata hivyo mkono wangu ulikuwa tayari juu yake.

Jirani alinielekeza kwa fundi mmoja wa Ujiji, mtu mzima, ambaye gereji yake ni mwembe na sanduku la vifaa. Nilipomaliza maelezo yangu aliniuliza swali moja tu: "Ukipampu mara ya pili inapanda?" Akachukua makoleo ya kubania, akayavika vipande vya mpira ili yasijeruhi chochote, akaibana mipira yote mitatu ya breki, yaani mabomba laini ya kupitisha mafuta, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, kisha akaniambia nikanyage. Pedeli ikawa ngumu na ya juu. Kwa hiyo masta ile mpya ilikuwa nzima. Akaachia mpira wa nyuma, pedeli haikubadilika. Akaachia wa mbele kulia, ikabaki vilevile. Alipoachia wa mbele kushoto ikazama mguuni mwangu, naye akacheka kwa furaha ya mtu aliyempata mwizi.

Kila gurudumu la mbele la 109 lina viatu viwili, na kila kiatu kina nati yake ya kukisogeza, nyuma ya bamba la breki. Nati moja ya kushoto ilizunguka kwa vidole viwili bila spana. Springi yake ilikuwa imelegea, hivyo kila nilipoendesha ilijirudisha na kiatu kikaenda mbali na dramu. Alinipatia nyingine aliyoichomoa katika Land Rover iliyokufa zamani, akaikaza huku akilizungusha gurudumu kwa mkono hadi likagoma, akalegeza kidogo, akaweka sikio karibu na kusikiliza hadi kiatu kikasugua kwa mbali. Kabla ya kutoa upepo alikaza viatu vyote kabisa, ili pistoni zinazosukuma viatu zirudi ndani na zisifiche upepo, akaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, nami nikikanyaga taratibu kwa amri yake. Mafuta yalikuwa ya kopo jipya lililofunguliwa mbele ya macho yangu. Malipo aliyotaka yalinifanya nione aibu, nikaongeza.

Sasa, nitende haki. Gereji ile kubwa iliwahi kunifanyia kazi nzuri ya klachi, na nilikusudia kuandika kwamba kwa injini na klachi mnaweza kwenda, ila breki msiwape. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyokumbuka kicheko kile, na ninashindwa kulisema hilo. Mtu asiyekubali kupandisha gari kwenye jeki kwa ajili ya breki, nitamwamini vipi kwamba amekaza nati za usukani? Msiende. Sitarudi kwao hata kwa kubadilisha oili.

Lipo jambo jingine. Niliomba masta yangu ya zamani nikajibiwa kwamba imetupwa. Sitasema imeuzwa, kwa kuwa sikuona. Ila ni mali yangu, jaribio la mipira, ingawa lilifanywa kwa masta mpya, lilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa kwenye gurudumu, na bado ninaidai.