Gari-nyumba la Kukodi Katika Tsavo Mashariki: Linafaa kwa Masharti

Gari-nyumba tulilolikodi kwa kampuni moja ya Nyali, kwa ajili ya kuzuru Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Mashariki, lina vitanda, jiko la gesi, friji ndogo na choo, na kwangu mimi hicho choo ndicho kilichohalalisha gharama. Sheria za mbuga zinamkataza mgeni kushuka garini ila mahali palipotengwa, na aliyewahi kusafiri na watoto wadogo au mzazi mzee anafahamu adha ya kukaa saa nyingi nyikani pasipo pa kujisitiri.

Tuliingilia lango la Bachuma, takriban kilomita 100 kutoka Mombasa, baada ya kuandamana na malori ya makontena tangu Mariakani hadi Taru. Ndani ya mbuga mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo uzito wa gari haukutupunguzia lolote. Tulipofika Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 kwa kuuzuia mto Voi, tulizima injini, tukapasha mbaazi na mahamri tuliyotoka nayo nyumbani, tukawatazama tembo wakinywa maji, miili yao imeiva udongo mwekundu wa Tsavo hata mgeni akadhani ndiyo rangi waliyozaliwa nayo. Madirisha yako juu, vichaka havimzibi mtu. Wenye magari ya safari walipiga picha wakaondoka. Sisi tulikuwa na chai, hatukuwa na haraka.

Kasoro zipo. Komeo la friji ni bovu, na kwenye barabara ya vumbi yenye matuta mlango ulifunguka, maziwa yakamwagika sakafuni. Tumbo la gari liko chini mno kwa njia za kando, na dereva wetu alifanya vyema kuzikataa, ingawa kampuni haikutuonya kabla. Gesi nayo hulipiwa mbali, jambo tulilolijua wakati wa kulipa.

Atakayelikodi alipe kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mtandaoni mapema, kwa kuwa pesa taslimu hazipokelewi langoni, na achukue maji kwa madumu, maana chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Sisi tulitokea Voi kabla ya saa kumi na mbili jioni, malango yanapofungwa. Komeo likitengenezwa nitalikodi tena, ila si wakati wa masika, kwani udongo ule ukilowa gari zito kama hili halijikwamui.