Sinki la kijani cha parachichi: miezi kumi na maji ya Dodoma

Tunajenga Nkuhungu, kidogo kidogo kama watu wote. Bafu la chumbani nililitaka lifanane na la kota za reli nilikokulia: taili ndogo nyeupe chini, sinki la kijani kile cha nyama ya parachichi. Madukani hapa mjini ukiulizia rangi unaonyeshwa nyeupe, rangi ya maziwa na, ukibahatika, nyeusi. Vyombo vya kijani, pinki na samawati vilivuma sana Ulaya na Marekani miaka ya 1960 na 1970, baadaye watu wakarudi kwenye nyeupe. Kwa hiyo ni mtumba tu.

Nikashuka Dar na treni ya SGR, nikapata seti kwa muuza mitumba: sinki na mguu wake, choo cha kukaa na tangi lake. Shilingi 480,000, koki hazimo. Kuisafirisha kwa fuso, 60,000 nyingine.

Fundi bomba wangu hakuipenda tangu anaiona. "Dada, nyeupe ipo hapo barabarani, tunamaliza leoleo." Akatoa sarafu ya mia mbili, akagonga sinki. Ngiii, likalia kama kengele. Akagonga choo: ko. Akarudia: ko. Tulipokifuta vumbi kwa kitambaa kibichi tukauona ufa chini ya shingo, mwembamba kama unywele, umejazwa gundi na kupakwa rangi juu. Nilipompigia muuzaji akasema mzigo ukishatoka umetoka. Basi choo kiko uani, nimekipanda mshubiri.

Wala sikililii sana. Tangi lake tulilipima kwa ndoo, linameza lita 9 kila ukiflashi, wakati vya siku hizi vinatumia 6 au hata 3. Kwa mgao wa maji wa mtaani kwetu kingetumaliza. Nikanunua cheupe cha dukani kwa 180,000, na kusema kweli pembeni ya sinki la kijani kinaonekana kama jino la bandia.

Sinki sasa. Masinki ya zamani ya Uingereza yana matundu mawili ya koki, la maji ya moto na la baridi, na sisi hita hatuna. Tundu moja limezibwa kwa kifuniko cha kromu cha 5,000. Rangi yenyewe haijapauka hata kidogo, kwa sababu imo kwenye ule utando wa kioo uliochomwa pamoja na udongo tanuruni. Akitokea fundi wa kukupulizia rangi kwenye sinki jeupe, jua kuwa hicho ni kitu kingine kabisa, kitabanduka.

Tatizo ni maji. Maji yetu ya visima yana chumvi, kila mwenye birika Dodoma anaijua. Kwenye sinki jeupe huioni. Kwenye kijani, ukinawa uso asubuhi ukaondoka bila kufuta, mchana kila tone limeacha duara lake jeupe, na kwenye shina la koki kunaganda kitu kama ukoko wa uji. Steelwire usiiguse, inachubua. Mimi naloweka kitambaa kwenye siki, nakizungushia pale nusu saa, nasuuza vizuri. (Hodhi la chuma lenye enameli usilifanyie hivyo, siki inalila.) Kila Jumamosi, bila kukosa. Mvivu achukue rangi ya maziwa.

Sinki nalipa alama nne kwa tano. Choo, sifuri. Sasa natafuta kisahani cha sabuni cha kijani hichohicho. Mwenye nacho aniambie, nitakuja na sarafu yangu.