Soketi za chuma za upinde wa vipande viwili: uzoefu wangu

Soketi hizi ni mabomba mawili yanayoingiana, yanayounganisha nusu mbili za upinde kwenye kishikio. Nimezifunga kwenye pinde tatu za inchi 66, zenye uzito wa kuvuta wa pauni 40 hadi 50. Zinafaa, ila si kwa fundi mwenye haraka.

Seti ni jike na dume. Jike lina urefu wa sm 10: nusu inagundishwa kwenye mkono wa chini (nusu ya chini ya upinde), nusu inabaki tupu. Dume la sm 5 linajazwa mti wa mkono wa juu mpaka mwisho, kisha linazama kwenye nusu hiyo tupu. Nilichagua zenye umbo la yai. Za duara huzunguka kwenye mikono ya upinde usipozitoboa na kuzitia pini.

Kasoro niliyoikuta ni midomo ya bomba, iliyoachwa na makali ya msumeno. Ipige tupa kwa ndani hadi iwe laini, la sivyo itakata nyuzi za mti pale pale penye mkazo.

Chonga mti uingie kwa kusukuma kwa mkono, ukiacha nafasi ya nusu milimita kuzunguka. Ukibana sana, epoksi (gundi yake) yote inafutika wakati wa kuingiza na chuma kinabaki kikavu. Kwangua ndani kwa msasa namba 80, ufute kwa asetoni. Epoksi iwe ya saa 24. Ile ya dakika tano inaganda kabla uzi wa kunyooshea, yaani wa kupimia kama mikono miwili imenyooka, haujakaa sawa.

Na huo uzi ndio kazi yenyewe. Gundisha jike kwanza, liache likauke. Kisha paka nta nje ya dume na ndani ya nusu tupu, zisije zikashikana milele. Gundisha dume, unganisha upinde mzima, vuta uzi toka ncha hadi ncha upite katikati ya kishikio. Kosa la digrii moja tu hapo kati linapeleka ncha pembeni karibu sm 1.5. Ndiyo maana ncha naziacha na upana wa mm 25 hadi gundi ikauke, ndipo nazipunguza kufuata uzi. Epoksi inayochuruzika ndani ya jike ifute papo hapo, maana ikikauka dume halifiki mwisho.

Kishikio kisipinde hata kidogo. Naacha sm 5 za mti mnene kila upande baada ya chuma kabla mkono haujaanza kukunja. Kikipinda, gundi inaachia mdomoni mwa soketi, na dalili ya kwanza ni mlio mdogo unapovuta. Mlio ukitoka unapoachia mshale, mara nyingi ni dume kulegea tu: lipake epoksi nyembamba, ikikauka lisugue kwa msasa hadi liingie kwa kubana.

Uzito ulioongezeka upo katikati, kwa hiyo hauupunguzii mshale kasi. Kutu ndiyo kero: jasho la kiganja linapenya chini ya ngozi ya kishikio, kwa hiyo paka rangi nje ya jike kabla ya kuivisha.